Kimwili, kwa Mwili au Mwenyewe? Ulinganisho kwa Wafasiri na Wakalimani wa Pwani

Katika mji wa Malindi, ambako Kiitaliano husikika madukani na hotelini pamoja na Kiswahili, Kigiriama na Kiingereza, mfasiri hupokea kielezi kimoja kwa sura nyingi. Mwingereza huandika "physically", Mwitaliano "fisicamente", Mfaransa "physiquement", Mrusi "fizicheski" na Mwindonesia "secara fisik". Programu ya kutafsiri iliyomo ndani ya simu, ikiulizwa, aghalabu huwajibu wote kwa neno moja: kimwili. Jibu hilo si la uongo, ila ni pungufu, na katika sentensi kadhaa za kazi zetu za kila siku humwaibisha anayelitumia. Ulinganisho huu unawalenga wanaolazimika kuchagua papo hapo: mkalimani wa zahanati, mwandishi wa mikataba ya nyumba, mwongoza watalii, na yeyote anayeandika fomu zitakazosomwa na watu wa Malindi na Lamu.

Ugumu unaanzia kwenye asili ya neno lenyewe. Lugha za Ulaya zililitoa katika Kigiriki "physis", ambalo lilikuwa na maana ya maumbile au asili ya kitu, wala halikuwa neno la mwili. Wagiriki wa leo wakisema "fisiká" huwa wanasema "bila shaka", na wanapotaka kuutaja mwili husema "somatiká", kutokana na "soma", yaani mwili. Waliolikopa neno hilo ndio waliolitwika mizigo mingine. Kwa Mwingereza "physician" ni daktari, lakini kwa Mfaransa "physicien" ni mtaalamu wa fizikia. Kwa Mwitaliano "fisico" ni mtaalamu huyo huyo na pia ni umbo la mtu, hata mtu akisifiwa kuwa ana "bel fisico" hakuna anayefikiria shahada yake ya chuo kikuu. Kielezi kilichotokana na hapo hubeba angalau maana nne: mwili ukilinganishwa na akili au roho, kuwapo mahali badala ya kuwa mbali, nguvu za mikono badala ya maneno, na sheria za maada badala ya mawazo. Mwitaliano anaweza kuziacha zote nne ndani ya "fisicamente" na msomaji wake akachambua mwenyewe. Mswahili hana nafasi hiyo, kwa kuwa kila maana kati ya hizo ina msemo wake katika lugha yetu, na msemo wa mahali pamoja haufai pengine.

Njia ya haki ya kulinganisha lugha ni kuchukua sentensi moja iliyotafsiriwa kwa uangalifu katika lugha nyingi. Nimechagua mbili. Ya kwanza ni Wakolosai 2:9, aya inayosema kwamba utimilifu wote wa Mungu unakaa ndani ya Kristo kwa namna ya mwili. Kigiriki kina "somatikos", Kilatini "corporaliter", Kifaransa "corporellement", Kijerumani cha Luther "leibhaftig", Kiingereza cha King James cha 1611 "bodily", Kiarabu cha Biblia ya Van Dyck "jasadiyyan", na Kiswahili cha Union Version ya 1952 kikaandika "kwa jinsi ya kimwili". Katika orodha hiyo yote hakuna aliyegusa "physis". Ya pili ni maelezo ya afya yaliyomo katika Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa 1946 na kuanza kutumika 1948, ambayo husema kuwa afya ni ukamilifu wa mtu katika mwili, akili na maisha yake na watu, wala si kutokuwa na maradhi tu. Hapo Kiingereza kinasema "physical", Kifaransa "physique", Kihispania "físico", na Kiarabu "badaniyyan".

Msomaji atazame alivyofanya Mwarabu. Mwili uliowekwa mkabala na Uungu au roho ameuita "jasad", na mwili wa afya, mazoezi na siha ameuita "badan". Ndiyo maana somo la mazoezi katika shule za Waarabu huitwa "at-tarbiya al-badaniyya", na Waajemi nao husema "tarbiyat-e badani". Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili lakini kikayapa kazi nyingine. Jasadi imebaki kwa washairi na wahubiri. Badani nayo utaikuta katika tenzi, lakini zaidi utaisikia kwa fundi cherehani, ambaye huita badani kile kipande kikubwa cha mbele au cha nyuma cha kanzu kabla hakijaunganishwa na mikono na vikwapa. (Waturuki wamepita njia inayofanana na yetu: kwao "beden" ni mwili na pia ni saizi ya nguo dukani, ila wao wamebakiza kielezi "bedenen", ambacho hukitumia pamoja na "fiziken" na "fiziksel olarak".) Fundi wa Lamu akisema badani bado hajazikata, kila mteja anamwelewa, mwuguzi akiandika kwamba mgonjwa yuko salama kibadani, hakuna atakayemwelewa. Kwa hiyo chaguo hilo, ingawa lina uzuri wake wa kihistoria, naliweka kando.

Ziko lugha ambazo zimejigawia kazi kwa utaratibu unaofaa kuigwa. Mjerumani husema "körperlich" kwa mambo ya mwili, "physisch" anapoandika kitaalamu au anapozungumzia maada, "persönlich" kwa kufika mwenyewe, na "leiblich" kwa nasaba ya damu, hata "leibliche Mutter" ni mama mzazi. Mjapani naye ana vielezi vitatu: "shintaiteki ni" kwa mwili wenye afya au ugonjwa, "nikutaiteki ni" kwa mwili kama nyama na matamanio yake, na "butsuriteki ni" kwa sheria za maada. Mchina hutenganisha "shenti shang", yaani upande wa mwili, na "wuli shang", yaani upande wa fizikia, na mtu akifika mwenyewe husema "qinzi", neno lisilo na mwili wala fizikia ndani yake. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, baada ya kujengwa na kampuni ya Kichina, mgawanyo huo wa Kichina si habari ya mbali kwa wakalimani wa kisiwani.

Kundi jingine, ambalo ndimo tulimo sisi, ni la lugha zinazounda kielezi moja kwa moja kutokana na jina la mwili. Msomali husema "jir ahaan", Mzulu "ngokomzimba", msemaji wa Kihindi "sharirik rup se", na jirani yake wa Kiurdu, ambaye mazungumzo yake ya sokoni ni yale yale, hubadili maneno tu na kusema "jismani taur par". Sisi tunachukua mwili, tunautia kiambishi ki-, tunapata kimwili. Inafaa kukumbuka kazi ya kiambishi hicho. Kulia kitoto ni kulia kwa namna ya mtoto, na kuvaa kiume ni kuvaa kwa namna ya wanaume; kimwili basi ni kwa namna ya mwili au kwa upande wa mwili. Hakisemi kwamba mwili ndio chombo kilichotumika, wala hakisemi kwamba mtu alikuwapo. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa zaidi.

Lugha za kundi hili zina hatari moja ya pamoja, nayo ni kwamba jina la mwili huvuta mambo ya faragha. Katika magazeti ya Kihindi "sharirik sambandh" ni uhusiano wa mke na mume kitandani, wala hakuna anayeielewa vingine. Mjapani akisema "nikutai kankei" maana ni hiyo hiyo. Katika Kiswahili, "kukutana kimwili" imekuwa njia ya heshima ya kusema jambo hilo redioni, mahakamani na katika vitabu vya afya. Mgeni mmoja wa Kiitaliano, aliyekuwa amepanga nyumba kwa mazungumzo ya simu tu, alimwandikia bibi mwenye nyumba, huko Shela ya Malindi, ujumbe uliopitia programu ya kutafsiri: "Nimefurahi sana kwamba Jumamosi tutakutana kimwili." Bibi alinipa simu niusome, kisha akauliza kwa utulivu, "Mwanangu, huyu baba yuaja kupanga au yuaja kuposa?" Nikamjibu, "La, bibi, ataka kukuona uso kwa uso tu, mmezungumza sana kwa simu." Neno lililoandikwa kwa Kiitaliano lilikuwa "fisicamente", na kwa Mwitaliano halikuwa na ubaya wowote.

Kwa hiyo, pale ambapo kielezi kinamaanisha kuwapo kwa mtu mahali badala ya kuwa kwenye simu au intaneti, kimwili kisitumike kabisa. Kwa watu wanaoonana, ana kwa ana na uso kwa uso yanatosha, na kwangu mimi ana kwa ana ni bora katika maandishi rasmi, kwa sababu uso kwa uso hubeba pia harufu ya kukabiliana. Kwa mtu anayetakiwa kufika ofisini, neno ni mwenyewe: mwombaji afike mwenyewe, asitume mtu. Kwa mkutano ambao wengine wako ukumbini na wengine wako mtandaoni, sema waliohudhuria ukumbini. Lugha nyingine nazo hukimbia neno la kitaalamu hapa. Mwitaliano mwenye lugha nzuri atasema "di persona", na akitaka kusisitiza atasema "in carne e ossa", yaani kwa nyama na mifupa. Mfaransa na Mhispania wana msemo huo huo, na Mjerumani ana nyama na damu. Kiswahili hakisisitizi kwa nyama ya anayeonekana, kinasisitiza kwa kiungo cha anayeona au anayetenda: nilimwona kwa macho yangu mawili, nilimpa mkononi, alikuja kwa miguu yake mwenyewe, alijenga kwa mikono yake. Mfasiri anayekijua kiungo kinachohusika mara nyingi hahitaji kielezi.

Mahali panapokifaa kimwili barabara ni pale kinapokwenda na mwenzake. Amechoka kimwili na kiakili ni Kiswahili safi, kwa kuwa kiakili kinamwonyesha msomaji ni upande gani wa maana unaokusudiwa. Hali kadhalika, Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 29, inakataza mateso ya namna yoyote, yawe ya mwili au ya kisaikolojia, na mtu akiandika "mateso ya kimwili au ya kisaikolojia" hakuna mashaka yanayobaki. Shida inaanza kinaposimama peke yake. "Amechoka kimwili" tu, bila mwenzake, inasikika kama ripoti. Mtu wa pwani atasema amechoka mwili, au mwili umemlegea, na wazee watasema maungo yanauma, na hapo maungo ni mwili mzima, si kiungo kimoja.

Tofauti ya kimwili na kwa mwili inaonekana vizuri zaidi katika mihadhara ya dini. Wanazuoni walipojadili safari ya Israa na Miraji, swali lilikuwa kama Mtume alikwenda kwa roho peke yake au kwa roho na jasadi pamoja, na walio wengi walishika kauli ya pili. Wahubiri wetu wakilieleza jambo hilo husema "kwa roho na kiwiliwili" au "kwa mwili na roho". Kimwili hapo kingedhoofisha hoja, kwa sababu kingeweza kueleweka kuwa safari ilifanana na ya mwili, na hoja nzima ni kwamba mwili wenyewe ulikwenda. Mfasiri wa maandishi ya dini, ya Kiislamu au ya Kikristo, ashike kwa mwili kila anapoweza.

Katika zahanati, kimwili kina mshindani mkubwa, nacho ni viungo. Mazoezi ni ya viungo, tiba ni ya viungo, na ulemavu wa mtu asiyeweza kutembea au kutumia mikono ni ulemavu wa viungo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006, unatenganisha ulemavu wa aina hiyo na ule wa akili na ule wa hisi kama kuona na kusikia. Mtu akiandika "mlemavu wa kimwili", asiyeona naye anaweza kudhani ametajwa, maana macho nayo ni mwili. Akiandika "mlemavu wa viungo" mpaka unaonekana. Ila nisingemshauri mtu aunde "kiviungo". Neno hilo limeanza kuonekana katika makaratasi ya semina, na sioni kazi linayoifanya ambayo "wa viungo" haikwisha kuifanya. Kwa daktari kumpapasa na kumsikiliza mgonjwa kifuani, sema uchunguzi wa mwili, au daktari alimpima. Mjerumani anasema "körperliche Untersuchung", lakini Mwitaliano, ambaye hulitumia "fisico" kila mahali, hapa hulitupa na kusema "esame obiettivo"; mkalimani asilitafsiri hilo kuwa mtihani wenye malengo.

Swali la ukatili ndilo linalohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa jibu lake huenda likaamua kama mtu atapata msaada. Fomu iliyoandikwa "Je, mwenzi wako amewahi kukudhuru kimwili?" ina nusu ya kosa lile la ujumbe wa Shela: wako watakaodhani wanaulizwa mambo ya kitandani, na kwa haya watasema hapana. Fomu bora huyataja matendo: amewahi kukupiga, kukusukuma, kukukaba, kukuchoma au kukuumiza kwa njia nyingine? Kisha swali la kulazimishwa tendo la ndoa liulizwe mbali, kwa maneno yake. Lugha nyingine nazo, zinapotaka kusema kwamba ugomvi umetoka kwenye maneno, huutaja mkono. Mjerumani husema mtu amekuwa "handgreiflich", Mwitaliano husema wamefika "alle mani". Kwetu walishikana mashati, walirushiana ngumi, au kwa lugha ya polisi, alimshambulia na kumjeruhi. Askari akimtoa mtu ukumbini, alimtoa kwa nguvu. Hapo nguvu ndiyo maana yote ya kielezi.

Kwa sheria za maada, chaguo ni kati ya kimaumbile na kifizikia. Kimaumbile kina uhalali wa kipekee, kwa sababu "physis" ya Wagiriki ilikuwa maumbile hasa, na kitenzi kuumba kinakipa neno hilo kina ambacho Mzungu amekipoteza. Pamoja na hayo ninakitumia kwa tahadhari. Katika mazungumzo ya siku hizi maumbile ya mtu hutajwa kwa kuzunguka sehemu za siri, na "kimaumbile yuko vipi?" si swali la kumwuliza mgeni kwenye fomu ya kupiga mbizi. Kwa ardhi, bahari, milima na mipaka ya asili ni neno zuri. Kifizikia kiachiwe somo la fizikia. Na kauli ile ya kila siku, kwamba jambo fulani haliwezekani "physically", ambayo Mfaransa huigeuza kuwa "matériellement impossible" na Mwitaliano "materialmente impossibile", haidai neno lolote kati ya haya: haiwezekani kabisa, au bora zaidi, sababu itajwe. Mashua ya watu kumi haiwezi kubeba watu arubaini. Hakuna haja ya kuongeza kwamba haiwezi kimaumbile.

Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilipoanza kusema umbali wa "physical" badala ya umbali wa kijamii, baadhi ya mabango yaliandikwa "umbali wa kimwili". Watu walisema kutokaribiana, na wakaelewana.

Nimeuacha mwisho mfano unaowahusu zaidi waandishi wa mikataba wa Malindi, kwa kuwa makosa yake yana gharama. Chini ya kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya, asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na mikataba ya namna hiyo mara nyingi hufika kwa mfasiri ikiwa na maneno ya Kiitaliano "persona fisica" na "persona giuridica". Mfaransa husema vivyo hivyo "personne physique", na Mrusi "fizicheskoye litso". Mjerumani na Mwingereza wamechukua maana ya Kigiriki wakasema mtu wa asili. Nimeona rasimu iliyoandika "mtu wa kimwili", na nyingine iliyoandika "mtu mwenye mwili", kana kwamba mpangaji mwingine ni jini. Kinachokusudiwa ni kwamba anayekodisha ni binadamu mmoja, si kampuni wala chama. Andika "mtu binafsi", na upande wa pili andika "kampuni au taasisi yenye hadhi ya kisheria". Kisha, mkataba ukidai kuwa mtu huyo awepo "fisicamente" siku ya kutia sahihi, andika kwamba atafika mwenyewe mbele ya wakili, na kama anaruhusiwa kutuma mwakilishi mwenye hati ya uwakilishi, hilo nalo liandikwe katika sentensi hiyo hiyo.